Mwaka Papa Anaclet Alipoendelea Kujibu

Mama Véro amefariki Likasi, na habari zilinikuta kazini Lubumbashi, nikiwa katikati ya kumkaripia mhasibu mmoja aliyeandika neno lake la siri kwenye karatasi na kulibandika juu ya kompyuta, wazi kama bei ya nyanya sokoni. Binti yake, Nadège, ndiye aliyepiga simu. Hakuzungukazunguka, ila aliniita Yaya, yaani mkubwa wake, kama zamani. "Yaya Clarisse, Mama alituacha asubuyi. Kuya ku kilio." Nilimwambia mhasibu aende zake, nikafunga mlango, nikalia kwa sauti, bila aibu, mwanamke mzima mwenye mvi. Kazini wananiita Mama wa Chuma. Sababu yake ni kanuni yangu moja ambayo siilegezi kwa mtu yeyote: mfanyakazi akifa, akaunti yake inafungwa siku hiyo hiyo, hata kabla familia haijakodi viti vya kilio. Watu husema sina moyo, nami huwaacha waseme. Kanuni hiyo niliipata Likasi, mwaka nilioishi na kiti kitupu mbele yangu, na aliyenifundisha ni Mama Véro, ambaye maisha yake yote alijua jambo moja tu kuhusu seva: kwamba inakaa katika chumba chenye baridi, na kwamba munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ukiwekwa humo hauchachi upesi.

Chumba hicho bado nakiota. Ofisi yetu ilikuwa nyumba kubwa ya zamani yenye baraza pana na sakafu ya vigae vyekundu, iliyojengwa kwa ajili ya familia fulani ya wazungu waliopenda kula, maana stoo yake ya jikoni ilikuwa kubwa kuliko chumba nilichokuwa napanga. Kampuni ilipeleka chokaa na vipuri kwenye viwanda vya madini, na malori yetu yalipaka uzio wote unga mweupe. Ndani ya stoo ile, kwa kuwa haikuwa na dirisha, ndimo walimoweka seva, na kwa ajili yake wakaweka mashine ya baridi na betri kubwa za kushikilia umeme unapokatika. Matokeo yake yalikuwa kwamba seva ile iliishi maisha bora kuliko sisi sote. Ilikuwa na baridi kiangazi kizima na umeme mchana kutwa, na chini yake, kwenye sakafu, yalipangwa madumu ya munkoyo, samaki wa ziwa Tshangalele ndani ya beseni, na siku moja keki ya ubatizo. Mimi nilipinga. Papa Anaclet, mkuu wangu, alicheka akasema, "Clarisse, serveur haikule samaki. Acha bantu."

Papa Anaclet ndiye aliyeniajiri. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani aliyoisahau juu ya paji la uso na kuitafuta mezani, na alipokula bukari, ugali wetu, alifumba macho kwenye tonge la kwanza. Alinifundisha kazi yote ninayoijua. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hata yeye hakulifanya vizuri, na sioni ni nani katika nyumba ile angelifanya vizuri: neno lake la siri lilijulikana na kila mtu. Hayakuwa mambo ya uzembe. Pale kwetu, mwenzako akikuuliza neno lako la siri ili achukue waraka fulani, kumnyima ni kumwambia usoni kwamba unamwona mwizi. Ni sawa na kufunika sufuria mgeni anapoingia. Kwa hiyo tulipeana kwa adabu, tukajua ya wote, na Freddy wa uhasibu, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, aliyakariri yote kama litania.

Papa Anaclet aliugua masika yalipokuwa yanaisha, akaenda hospitali akidhani ni mambo ya siku chache. Kabla ya kuondoka aliiachia mashine maneno ya kumjibu kila atakayemwandikia, na kwa kuwa nusu ya waliomwandikia walikuwa madereva, hakuandika Kifaransa cha ofisini. Aliandika: "Siko ku bureau sasa. Nitarudi. Mungoje kidogo. Anaclet." Hakurudi. Tulimzika, tukakaa kilio, tukarudi kazini na macho mekundu, na siku ya kwanza niliyojaribu kufunga akaunti yake, Patron, yaani mwenye kampuni, alisimama nyuma yangu akanishika bega. "Hapana, Clarisse. Muntu hatumufute mbele ya kutosha kilio. Mwaka itimie kwanza." Kwetu kilio hakiishi siku ya maziko. Kinabaki juu ya familia mpaka siku watakapokusanyika kukiondoa rasmi, au kukitosha kama tusemavyo, kwa misa na chakula, na kabla ya siku hiyo vitu vya marehemu havigawiwi, nyumba yake haiguswi. Patron aliamua kwamba akaunti nayo ni kitu cha marehemu. Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi. Sikutaka kulifuta jina lile.

Basi Papa Anaclet akaendelea kujibu. Na Mama Véro, mjane wake, akaanza kuja kila Ijumaa. Mara ya kwanza alikuja kuchukua koti la mumewe lililobaki mlangoni, akakaa kwenye kiti chake, akaniuliza kama ni kweli alivyosikia kwa Freddy, kwamba ukimwandikia anajibu. Nilimweleza kuwa ni mashine tu. "Najua," akasema. "Minye siko mutoto. Unionyeshe." Nilimfungulia anwani ya barua pepe yake mwenyewe katika seva yetu, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akabonyeza. Jibu likaja. Alilisoma huku midomo ikitembea. Kisha akafungua beseni aliloleta na kusema chakula kinapoa. Tangu hapo kila Ijumaa tulikula vizuri: samaki wakavu wa mchuzi, mboga ya lengalenga, bukari ya moto iliyofungwa kwa kitambaa. Sisi tulikula barazani, na yeye alibaki ndani kwenye meza ya mumewe, na kitambaa cheusi kichwani, akimwandikia. Wakati mwingine aliingia katika sanduku la barua la Papa Anaclet mwenyewe, kwa neno lile la siri ambalo wote tulilijua, ili aone kama barua zake zimefika. Kutoka barazani tulimsikia akizungumza naye kwa sauti ya chini, akimpa habari za nyumbani: Nadège amepata homa, bomba la jikoni linavuja. Freddy, ambaye hakuweza kunyamaza kwa jambo lolote, alinyamaza kwa hilo.

Sasa hivi, ninapofunga akaunti za watu na wenzangu wakinitazama vibaya, huwa nasikia ile sauti ya chini kutoka chumbani. Nimefanya kazi katika ofisi za vioo, na watu wenye shahada zinazojaza ukuta, lakini sijawahi tena kula pamoja na watu namna ile. Naitamani baraza ile mpaka inaniuma. Natamani hata ule unga wa chokaa uliokuwa ukituingia puani.

Asubuhi moja ya kiangazi simu ililia. Alikuwa mteja wetu wa ng'ambo ya mpaka, kule Solwezi, mzee mchangamfu aliyechanganya Kibemba na Kiswahili chake. Alitaka kumsalimia Papa Anaclet. Alifurahi sana, akasema, kwamba amepona, maana amemwandikia leo hii, barua nzuri, akimwomba malipo yanayofuata ayapeleke kwenye benki nyingine. Nilimwomba arudie. Akarudia. Niliweka simu mezani bila kuaga, nikafungua orodha ya walioingia kwenye seva, na pale, katikati ya majina yetu, lilikuwepo jina lake. Anaclet. Yuko ndani. Anafanya kazi. Ninajua mtu mwenye akili timamu angefikiri mara moja kwamba ni mwizi, na mimi pia nilifikiri hivyo, lakini halikuwa wazo langu la kwanza. Kwanza niligeuka kukitazama kiti chake. Nilikitazama kwa furaha. Furaha hiyo ilikaa muda wa kumeza mate, halafu ikaisha, na sijawahi kumsamehe mwizi yule kwa jinsi ilivyoisha.

Nilikimbilia stoo, nikapiga teke dumu la munkoyo likamwagika, nikang'oa waya uliounganisha seva na dunia ya nje. Sikuizima. Papa Anaclet alinifundisha hivyo: ukiizima unamfukuza mwizi, lakini unafuta pia nyayo zake, hutajua aligusa nini wala aliacha mlango gani wazi. Iache hai, itenge, uitazame. Nilikuwa nimepiga magoti katika munkoyo, sketi imelowa, nikisoma nyayo za mtu aliyetembea ndani ya nyumba yetu akiwa amevaa jina la marehemu, Freddy alipofika mlangoni akipiga kelele.

"Clarisse! Makamiyo iko ku mulango, sina namna ya kutosha bon! Bashofere banakasirika! Rudisha ile câble!"

"Freddy, nikiirudisha, mwizi naye anarudi."

"Mwizi gani? Minye sione mwizi!"

"Eko na jina ya Papa Anaclet."

Freddy alitazama skrini. Kisha akatoka, akachukua kalamu, na siku zile zote zilizofuata aliandika hati za malori, zile bon, kwa mkono, akiwatania madereva ili wasahau kukasirika. Mimi nilipiga simu kwa wateja mmoja mmoja. Kazi hiyo ilikuwa mbaya kuliko ile ya mashine. Ilibidi kila mmoja nimwambie kwamba Papa Anaclet alikufa, na wengine walikuwa hawajui, au walikuwa wamepata barua ile wakamshukuru Mungu. Nilimzika mtu yule mara nyingi kwa simu, peke yangu, na pole zote nikazipokea mimi.

Patron aliposikia, alituita sote barazani. Alikuwa mtu wa haki, lakini alipoogopa alikuwa mkali, na siku ile aliogopa sana. "Mulango ilifunguliwa," akasema. "Haiyafunguka yenyewe. Ule muntu aliitoa mot de passe, nikimujua, anaenda. Yeye na bitu yake yote." Tulitazamana. Kwa kuwa kila mmoja wetu alilijua neno lile, kila mmoja alikuwa mshukiwa, na chakula cha mchana siku ile tulikula tukiwa tumegeuziana migongo, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile.

Niligundua mwenyewe. Ndani ya sanduku la barua la Papa Anaclet palikuwa na ujumbe wa mwizi, wa Kifaransa kizuri, wenye alama nyekundu: akaunti hii haitumiki, itafutwa pamoja na vyote vilivyomo, isipokuwa mwenyewe athibitishe kwa kuandika neno lake la siri hapa. Na mtu alikuwa ameandika. Ilikuwa Ijumaa, saa ya chakula, sote tulipokuwa barazani. Ndani alikuwa Mama Véro peke yake. Mama Véro na watoto walikuwa bado wanaishi katika nyumba ya kampuni, kwa ruhusa ya Patron, mpaka kilio kiondolewe. Yeye na vitu vyake vyote. Patron alikuwa amesema maneno hayo bila kujua anamwambia nani.

Nilikwenda kwake mchana ule ule. Alikuwa uani akipepeta unga, na bomba la jikoni kweli lilikuwa linavuja, nililisikia. Nilimwambia yote jinsi yalivyo. Hakuacha kupepeta.

"Ile machine iliniandikia batamufuta," akasema. "Clarisse, bwana yako, bakuambie batamufuta, weye utaenda kuuliza nani kwanza?"

"Ungeniita, Mama. Nilikuwa pale ku baraza."

"Nilikuita mu roho. Lakini niliogopa utasema ni kweli." Sasa aliacha ungo. "Nilifikiri: bantu ba bureau banachoka na minye kukuya kila vendredi. Njo banataka kumufuta. Nikaandika mbio mbio, vile unamushika mutoto anaanguka."

Nilimwambia Patron hajajua, na kwamba sijui nimwambie nini. Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimesema jambo la kitoto. "Weye hutamwambia kitu. Ni kinywa yangu minye." Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimeomba asiulize. Je, yale maneno ya mumewe yatabaki? Nilimjibu hapana. Mwizi alikuwa ameacha vitu vyake kila mahali. Ili kuwa na hakika, lazima akaunti ifungwe na mashine yote ifutwe na kuanzishwa upya. Siwezi kuhamisha chochote. Na mpaka nifanye hivyo, waya haurudi, na malori yataendelea kusubiri hati za mkono za Freddy. Alitikisa kichwa polepole. "Kumbe kilio njo inatufunga sisi bote," akasema.

Siku iliyofuata alikuja ofisini, si peke yake. Alikuwa amemwita shemeji yake mkubwa kutoka Kapolowe, Papa Simon, mwenye koti la sufu katika joto lile na fimbo aliyoitumia zaidi kuonyeshea watu kuliko kutembelea. Walikaa barazani, Patron akaletewa kiti. Mama Véro hakusubiri soda zifunguliwe. Alisimama.

"Patron, ule muntu unatafuta ni minye. Mot de passe niliitoa minye. Nyumba yako ile, batoto beko banafunga bitu. Usikasirikie hawa."

Nakumbuka lori likinguruma nje na hakuna aliyegeuka. Patron alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kilichoandikwa humo. Alikuwa mtu asiyejua kuomba radhi. Nadhani hakuwahi kufundishwa. "Clarisse alitaka kuifunga siku ya kwanza," akasema mwisho. "Minye nilimukataza. Basi." Akavaa kofia. "Mama, utakaa mu nyumba mpaka mwaka itimie, vile tulisema. Bambie batoto bafungule ile bitu." Na papo hapo akageuka kumfokea Freddy kuhusu malori, kwa sauti iliyokatikakatika.

Lakini akaunti ilikuwa bado. Papa Simon alipiga fimbo sakafuni. Kilio cha mdogo wake kilikuwa hakijatimiza mwaka, akasema. Watu wa Kapolowe watacheka, unga haujasagwa, misa haijaombwa. "Tutoshe kilio ya muntu juu ya machine?"

"Hapana juu ya machine, Yaya," Mama Véro akamjibu. "Juu kuko muntu anavaa jina yake na anatembea nayo anadanganya bantu. Ningeona muntu anavaa koti yake mu barabara, ningemuvula. Hii ni jina. Tumuvue."

Papa Simon aliilaza fimbo sakafuni, akauliza misa itaombwa siku gani. Wiki ile ile, kabla ya wakati wake, kilio kiliondolewa. Misa ilikuwa fupi, chakula kilikuwa kingi, na tulikula katika baraza ya ofisi kwa sababu Patron alisema nyumba ya marehemu ni ndogo. Mama Véro alivua kitambaa cheusi, akafunga cha maua. Nilimwona usoni kwamba alikuwa hajawa tayari. Ilikuwa Ijumaa. Walipokuwa wanakusanya sahani alinigusa mkono, akasema, "Tuende."

Tuliingia ofisini wawili tu. Waya wa nje ulikuwa bado umeng'olewa, lakini ndani ya nyumba ujumbe uliweza kufika. Alikaa kwenye kiti cha mumewe, akaandika kwa kidole kimoja, kwa muda mrefu, nami nikatazama ukutani. Alibonyeza. Jibu likaja kama lilivyokuja siku zote, na mara hii alilisoma kwa sauti, nami nikalisikia kutoka kinywani mwake: "Siko ku bureau sasa. Nitarudi. Mungoje kidogo." Akacheka. Machozi yalikuwa yanaanguka juu ya kile kitambaa kipya, naye anacheka. "Muongo," akamwambia. "Muongo weye." Kisha akainuka akanipa kiti. "Funga."

Nilifunga. Na kwa kuwa kazi inataka uhakikishe, nikamwandikia Papa Anaclet ujumbe mtupu, kujaribu kama kweli mlango umefungwa. Mashine ikasema haimjui mtu huyo. Ndivyo inavyopaswa kusema. Hata hivyo tulibaki pale, mimi na yeye, tukitazama skrini.

"Alijibu?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Bon. Kuya tukule, kunabakia samaki."

Mwaka ule ulipokwisha niliondoka Likasi kwa kazi kubwa zaidi, na Mama Véro alihamia nyumba yake mwenyewe mtaani Kikula. Alipopata simu ya kisasa hakuniacha. Kila Ijumaa aliniandikia, kwa kidole kimoja, najua: "Ulikula?" Basi. Miaka yote hiyo. Nami nilijibu, nikiwa mkutanoni, nikiwa njiani, wakati mwingine kwa neno moja tu, nikidhani Ijumaa haziishi.

Kilioni kwake nilikaa uani pamoja na wanawake, kwenye kiti cha plastiki. Freddy alikuwepo, amenenepa, ameshikilia kofia. Nadège alinionyesha simu ya mama yake juu ya meza chumbani, karibu na kitanda, inachajiwa. Watu bado wanaandika, akasema, na yeye hana nguvu ya kuigusa. Aliniuliza, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, kama ni lazima aifunge leo. Mama wa Chuma alikuwa na jibu tayari mdomoni. Nikamwambia, "Acha kwanza. Kilio bado kuisha."

Ilikuwa Ijumaa. Mchana walituletea bukari na samaki, nikamaliza sahani yangu yote, kisha nikatoa simu na kuandika: "Mama, nilikula." Kupitia dirishani nikasikia simu ikilia mle chumbani, juu ya meza. Niliweka yangu mapajani, kioo chake juu, nikangoja.